Ncha ya Wali wa Manjano

Soko la vitafunio la Senen huamka mapema kuliko Jakarta yote. Alfajiri ile taa zilikuwa zinawaka juu ya meza ndefu, meza zimejaa sinia, na sinia zimejaa keki za mvuke za rangi ya waridi na vidonge vya kijani vilivyobiringishwa kwenye nazi. Watu walisukumana, wakavutana bei, wakakanyagana. Katika msukumano huo mwanamume mmoja mwenye shati la batiki la kahawia, lililopigwa pasi likanyooka kama karatasi, alirudi kinyumenyume akimwomba radhi mama mmoja. Akamkanyaga mwanamke aliyekuwa nyuma yake. Akageuka kumwomba radhi na huyo, na sinia aliyoibeba ikamwagika yote kifuani mwa yule mwanamke.

"Samahani! Samahani sana, dada. Naomba radhi kwa dhati. Sijui hata niseme nini."

"Usiseme! Shika hii." Akamsukumia simu yake mkononi, akaanza kujipangusa. Alikuwa amevaa shati la miraba na suruali ya jinzi, nywele amezifunga juu kwa penseli. Sukari ya mnazi ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye mkanda.

"Umekuja kununua au kuuza?" mwanamume akauliza, maana kunyamaza kulimwogopesha zaidi.

"Kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Kilichobaki jana. Kila mtu anauliza kilichouzwa. Mimi nauliza kilichobaki, na kwa nini kimebaki."

"Kumbe unazunguka sokoni ukiwauliza watu aibu zao."

"Na wananijibu, kwa sababu nauliza moja kwa moja. Wewe ungeanza na hali ya bibi zao."

"Kwani bibi zao hawajambo?"

Mwanamke akataka kukasirika zaidi, akashindwa, akacheka. Wajukuu zangu, mapenzi yao yalianzia hapo, kwenye kelele, na yakaendelea kwa kelele. Anayetaka mapenzi ya kunong'onezana akatafute pengine.

Jina lake Nauli Harahap, mzaliwa wa Sipirok, milimani Sumatra, ambako watu husema neno likiwa bado la moto. Yule mwanamume ni Damar Wicaksono wa Solo, kisiwani Java, ambako neno hupozwa kwanza, likafunikwa, likazungushwa mtaa mzima, ndipo likabisha hodi. Walipoulizana kazi wakashangaa. Nauli alikuwa anafanya kazi Candrakala, kiwanda kikubwa cha mikate. Damar alikuwa anaanza kazi hapohapo wiki ile, akiwa mkono wa kulia wa mwenye kiwanda, Ibu Hartini, yaani Mama Hartini.

"Basi wewe ni bosi wangu," Nauli akasema. "Na umenimwagia keki."

"Ungependa nikulipie dobi?"

"Ningependa chai. Sukari ninayo hapa kifuani."

Nauli alikaa ghorofa ya juu ya matanuri, mahali penye joto la kupasua kichwa, na huko ndiko alikoizalia programu yake. Aliipa jina la Ragi, yaani hamira. Kazi yake ilikuwa kumwambia kila muuza mkate wa baiskeli abebe mikate mingapi leo, ya aina gani, apite mtaa upi. Iliangalia mvua, shule zikifungwa, siku za mishahara, hata harusi za mtaani. Kabla ya Ragi mikate ilirudi jioni kwa magunia, ikatupiwa bata. Baada ya Ragi, bata wa Candrakala wakakonda.

Damar alimpenda kwa hilo, na kwa kelele zake. Alimpigia simu kila jioni, yeye akimwita Dik, yaani mdogo wangu, naye akiitwa Mas, yaani kaka.

"Dik Nauli, umekula?"

"Nimekula, Mas. Na wewe, umeoga au bado unaiomba radhi ndoo?"

"Nina kitendawili."

"Haya, tega."

"Nina mtoto halii, hatembei, hana tumbo, na mama wawili wanamgombania, mmoja aliyemzaa na mmoja aliyemlisha."

"Ragi," Nauli akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo tena. "Mas, hilo hasa ndilo linaloninyima raha."

Akamweleza. Waoka mikate wengine walikuwa wameisikia Ragi. Mzee mmoja wa Bogor, Pak Sukarya, alikuja mwenyewe, akaiona, akaitamani mpaka mate yakamjaa. Halafu akaondoka akitikisa kichwa. "Binti yangu," alimwambia, "niandike humo mkate wangu unauzika wapi na unadoda wapi, na mwenye nyumba ni Ibu Hartini anayeuza mkate kama mimi? Nimfunulie sufuria yangu?" Wa Bekasi akasema hivyohivyo. Wa Tangerang hata hakunywa chai.

"Ragi ikibaki ndani, itawahudumia bata wa Ibu Hartini milele," Nauli akasema. "Lazima itoke. Iwe kampuni yake, na nyumba yake, na mlango wake."

"Huko nje haina mlezi. Mwezi mbaya mmoja tu ikafa."

"Basi ife imesimama! Humu inakufa imeketi. Utanisaidia au la?"

"Nitazungumza na Ibu mimi mwenyewe, kabla ya sherehe ya mwaka wa kiwanda. Niachie mimi."

"Utamwambia waziwazi?"

"Nitamwambia, kipenzi."

Sikilizeni vizuri jibu hilo. Aliulizwa waziwazi, akajibu nitamwambia. Mimi nimezeeka kati ya watu hawa, na jibu kama hilo hunipandisha damu mpaka leo.

Siku zikapita. Nauli akiuliza, Damar alisema anasubiri Ibu atulie. Ibu ametoka kuugua mafua. Ibu ana wageni. Mwishowe akasema, "Nimekwenda, tumekaa, tumezungumza vizuri." Nauli akamrukia shingoni palepale kwenye ngazi za kiwanda, hakuuliza zaidi. Na hilo nalo lilikuwa kosa lake.

Siku ya sherehe ukumbi ulipambwa kwa majani ya mnazi. Nauli, ambaye hajawahi kuonekana bila suruali, alikuja na kebaya ya buluu, blauzi ya sherehe aliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo, sketi ya batiki na maua ya asumini nyweleni. Wafanyakazi wakapiga miluzi. "Leo mtoto anatoka nyumbani," aliwaambia, akicheka. "Lazima mama apendeze."

Katikati ya meza ulisimama tumpeng, wali wa manjano uliofinyangwa kama pia iliyopinduliwa, umezungukwa na kuku wa kukaanga, mayai na pilipili. Mnajua desturi. Mwenye shughuli hukata ncha, na ncha hiyo humpa mtu mmoja tu, yule anayemtukuza kuliko wote siku hiyo. Ibu Hartini, katika hariri ya zambarau, alikata, akaiweka ncha kwenye sahani, akatazama ukumbi wote.

"Ncha hii," akasema, "naipeleka kwa mkuu mpya wa idara ya Ragi, ambayo itakuwa mtoto wa nyumba hii maisha yake yote. Damar, njoo, mwanangu."

Damar alikauka. Watu walipiga makofi, simu zikainuliwa kupiga picha. Miguu yake ikamtembeza yenyewe. Aliinama, akanyoosha mikono miwili, akapokea, akasema asante kwa sauti nzuri kama alivyofundishwa na mama yake.

Nauli alitoka ukumbini. Damar alimfuata na sahani mkononi, akamkuta kwenye ngazi za matanuri.

"Umeila?"

"Nauli, taratibu, watu watasikia."

"Wasikie! Nimekuuliza, umeila? Maana kama bado, uile mbele yangu nione! Kula upate nguvu ya kunizika!"

"Ningefanya nini? Nimrudishie sahani mbele ya kiwanda kizima?"

"Ndiyo!"

"Kwetu haiwezekani kumkatalia mkubwa ncha ya wali! Ni kumvua nguo!"

"Na mimi hujanivua? Nimesimama pale na maua kichwani kama bibi harusi aliyesahauliwa! Ulisema umezungumza naye!"

"Nilizungumza…"

"Ulisema nini? Nipe maneno yako, moja baada ya moja!"

Damar akaihamisha sahani mkono mwingine. Nauli akang'oa maua nyweleni, akayaweka juu ya ule wali.

"Sawa. Ragi ni ya nyumba, sheria inasema hivyo, siwezi kuibeba. Nimewaachieni. Na wewe nimekuachia palepale, juu ya sahani."

Akaenda kwa mama yake, aliyehamia Bekasi, katika kibanda chake cha chakula, akawa anapiga pilipili kwenye kinu mpaka majirani wanapiga chafya. Simu ililia kila jioni. Siku nyingine aliipokea ili tu apate wa kumfokea.

"Haloo, kipenzi."

"Umekosea nambari. Kipenzi amehama."

"Nauli, nina kitendawili. Nimepewa nikapokea, nimeshika na sijakubali."

"Jibu, mwoga." Simu ikakatwa.

Kesho yake akapiga tena. "Nisikilize kidogo tu."

"Nilikusikiliza miezi! Wewe mtu ukiungua nguo utaanza kwa kuusifia moto!"

"Nakupenda."

"Iambie idara yako!" Ikakatwa.

Mama yake, Umak, alikuwa anakaanga samaki huku ametega sikio. "Mwanamume wa hivyo," akasema, "nyumba ikishika moto atakuamsha akuulize kama umelala vizuri."

"Umak, usinichekeshe, nimekasirika."

"Kasirika, nani amekuzuia? Ila kinu changu usikipasue."

Huku kiwandani Damar alikaa kwenye kiti ambacho hakukitaka. Ukaja mfungo wa Ramadhani, watu wakabadili saa za kula, na Ragi bila Nauli ikawa kama mtoto aliyeachishwa ziwa ghafla. Mkate ulirudi jioni. Bata wakaanza kunenepa. Hapo Ibu Hartini akamwita ofisini, chumba chenye feni kubwa na picha ya marehemu mumewe.

"Mrudishe yule msichana, mlipe anachotaka," akasema. "Na wale waoka mikate wa Bogor na Bekasi, waingize kwenye Ragi. Waahidi siri. Kisha kila asubuhi uniletee wanauza wapi."

"Samahani, Bu," Damar akaanza. "Kwa heshima zote, na kwa jinsi ulivyonilea hapa, na kwa udogo wangu…"

Akajisikia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijisikia jinsi anavyosikika kwa wengine, na hasira ikampanda, ya kujikasirikia yeye mwenyewe kwanza.

"Hapana," akasema.

Karani mlangoni akadondosha kalamu.

"Hapana nini?"

"Hapana, Bu. Sitakuletea. Na ile ncha ya wali sikuwa na haki ya kuipokea. Kabla ya sherehe nilikuja hapa kukuomba Ragi itoke, iwe kampuni inayojitegemea. Nikakaa kwenye kiti hiki. Nikakusifia chai, nikayasifia matanuri, nikamsifia marehemu, nikajidharau mimi mwenyewe mpaka vikombe vikakauka. Kisha nikaaga. Ombi lenyewe sikulitamka."

Ibu Hartini alipiga meza, kikombe kikaruka. "Kijana aliyelelewa vizuri akizunguka namna ile anaona haya kuomba cheo! Nani asiyejua? Nikakuhurumia, nikakupa cheo mbele ya watu! Kumbe hukukitaka! Umenifanya mjinga mbele ya kiwanda changu mwenyewe, kwa adabu zako!"

"Nimekosa, Bu."

"Umekosa sana! Mwite huyo msichana wako. Leo hii, kabla sijapoa."

Damar akapiga simu. "Nauli, usikate. Nimemwambia Ibu hapana. Amewaka moto. Anakutaka hapa. Njoo."

Upande wa pili kinu kikanyamaza. "Umemwambia hapana? Neno lenyewe?"

"Neno lenyewe."

"Nakuja. Lakini bado nimekasirika nawe."

Nauli aliingia na suruali yake ya jinzi na harufu ya pilipili, hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Unataka kuniibia mtoto niliyemlisha," Ibu Hartini akamwambia. "Umeme wangu, unga wangu, mshahara wangu. Akiwa humu anakula. Akitoka, mwezi mgumu ukija, nani atamlisha?"

"Waoka mikate wote watakaoitumia, Bu. Humu mlishaji ni mmoja tu."

"Waje hukuhuku. Sijawafukuza."

"Hawaji, kwa sababu utachungulia."

Damar akafumba macho. Hakuna aliyewahi kumwambia Ibu Hartini neno kama hilo. Yule mama akamkazia macho Nauli.

"Nitachungulia, ndiyo," akasema. "Mimi ni mfanyabiashara. Ukiniwekea dirisha wazi kwa jirani, nitachungulia. Nani hachungulii?"

"Ndiyo maana dirisha liwe la nyumba nyingine."

Ibu akachukua simu yake, akampigia Pak Sukarya wa Bogor, akaiweka mezani wote wasikie. "Pak, hujambo? Ragi ikiwa chini yangu, utaitumia?"

"Ah, Bu, heshima kubwa, programu nzuri sana, tutaangalia, Mungu akijalia…"

"Pak Sukarya! Leo nimeshashiba adabu. Ndiyo au hapana?"

"Hapana, Bu. Samahani."

"Ikitoka? Ikawa ya huyu msichana, mimi nisiwe na jicho ndani?"

"Kesho asubuhi, Bu."

Ibu Hartini akakata simu. Alionekana mzee ghafla, kisha akaonekana mkali kuliko mwanzo. "Haya. Itoke. Nitakuwa na fungu dogo, kwa sababu nililisha. Data za wengine sitazigusa, mwanasheria aandike hivyo. Lakini ikianguka, msinigongee mlango. Na wewe Damar, usikanyage huko. Wakikuona wewe ndani watasema mkono wangu umebaki chunguni, na watakuwa na haki. Chagua. Uwe wangu, au nenda ukatafute kazi pengine, lakini kwenye Ragi hapana."

Nauli akageuka kumtazama Damar. Hilo hakulitarajia. Usiku na mchana alikuwa akijiona amekaa naye meza moja, wakiilea Ragi pamoja.

"Nitabaki hapa, Bu," Damar akasema. "Na sitachungulia."

Nje, kando ya baiskeli za mikate, Nauli alimgeukia. "Yaani nitakuwa na kazi ambayo siwezi kukusimulia. Ukiniuliza 'umeshindaje leo', nitasema nimeshinda vizuri, basi."

"Basi."

"Nachukia."

"Na mimi nachukia. Lakini ulikuwa unasema kweli tangu mwanzo, nami nilijua, nikanyamaza. Wacha nilipie kwa kunyamaza kunakofaa."

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulikwenda ukashindwa kusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Aibu yako imenitoa jasho Bekasi nikitwanga pilipili za watu!" Akampiga ngumi ya bega, mara ya pili kwa nguvu zaidi, kisha akaacha mkono wake palepale begani.

Ragi ilipangiwa chumba mtaa wa Tebet, juu ya duka la vyerehani. Siku ya kufungua, Nauli alivaa kebaya ileile ya buluu. Tumpeng waliupika yeye na Umak, na Umak hajui mambo ya Wajava, kwa hiyo wali ulisimama umeinama kama mlevi. Pak Sukarya alikuwepo, na wa Bekasi, na wa Tangerang, ambaye safari hii alikunywa chai. Ibu Hartini aliketi mbele kama hakimu. Damar alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, asije akaonekana ameingia.

Nauli akakata ncha, akaiweka kwenye sahani. Watu wote wakamtazama Ibu Hartini, na Ibu Hartini akaweka sketi yake sawa tayari kuinuka. Nauli akampita. Akaenda mpaka mlangoni, akanyoosha sahani.

Damar akaweka mikono yake nyuma.

"Sipokei," akasema.

Mtu mmoja akaguna. Umak akashika kifua. Nauli akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unanikatalia? Mbele ya watu?"

"Mara ya kwanza nilipokea bila kuuliza, ikatuunguza wote. Niambie kwanza ni ya nini. Kama ni ya kazi, sitaki, unajua kwa nini. Kama ni ya kitu kingine, kitaje. Waziwazi, binti wa Sipirok."

Na yule aliyewafokea matajiri, aliyewauliza watu aibu zao sokoni, akakwama. Akatazama wali. Akatazama viatu vyake. "Ni… unajua… nyumbani kwetu, mtu akishazoeana na mtu…"

"Unazunguka," Damar akasema.

"Nakuapia, nitakupiga na sahani hii!"

"Nipige. Lakini taja."

"Ni ya mume wangu!" Nauli akapaza sauti mpaka vyerehani vya chini vikasimama. "Kama ananitaka! Kama hanitaki, nampa Pak Sukarya!"

"Mimi nina mke!" Pak Sukarya akadakia.

Damar akatoa mikono nyuma, yote miwili, akapokea. Hakuinama. Aliila ncha yote palepale mlangoni, pamoja na pilipili ya Umak, machozi yakimtoka, na hakuna aliyejua ni ya pilipili au ya nini.

"Imekolea chumvi kidogo," akasema.

"Umeijua kasoro hiyo tangu lini?" Nauli akamfokea.

"Tangu kijiko cha kwanza."

"Na ukaimaliza bila kusema?"

"Nimesema sasa."

"Umechelewa!" Lakini alikuwa amekwisha mshika ukosi wa lile shati la batiki la kahawia, akimvuta ndani ya chumba, kisha akakumbuka, akamrudisha mpaka kizingitini, na hapo akamwacha, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaenda kumkatia Ibu Hartini sehemu yake.